Mzee Zachariah Anasoma kwa Kidole

Ukitoka Kisii mjini ukafika Keumbu, kabla hujaona ndizi utaona kazi ya baba mkwe wangu. Bucha, kinyozi, duka la mbolea, mlango wa choo cha soko, hata mbavu za rukwama zinazobeba ndizi, kote ameandika yeye, Zachariah Nyangate. Herufi zake zina tumbo kidogo na miguu mifupi, sawa na mwenyewe. Watu wa hapa wanazijua kama wanavyojua sauti ya jirani.

Nyumba moja tu haina kibao chake, nayo ni hoteli yangu, iliyoshikana ukuta kwa ukuta na kibanda anachofanyia kazi. Mfinyanzi hulia gaeni. Naitwa Phanice, nimetoka Marani, nimeolewa na mwanawe Duke, ambaye ni fundi wa ujenzi huko Nakuru na huja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na nguo chafu. Mgeni akiuliza hoteli hii inaitwaje, mimi humjibu kwamba inaitwa Nusa Uingie. Habari ya kibao nilimwambia Duke, Duke akamwambia babake, babake akasema, "Kesho." Kesho hiyo ilianza kabla sijamzaa Kemunto, na sasa Kemunto anatambaa na kuonja udongo.

Kwa nini sikumwambia mwenyewe? Kwa sababu ya chinsoni. Hiyo ni staha ambayo sisi Wagusii tunaiweka kati ya watu fulani, na baba mkwe na mke wa mwanawe ndio wa kwanza. Hatushikani mikono. Nikimsalimu nasimama mbali kidogo. Nikimpelekea chai naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Chumbani kwake siingii, na kwangu haingii. Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani tunachukiana. Si kweli hata kidogo. Tangu mama mkwe afariki, mimi na huyo mzee tumekaa boma moja kwa amani, na nampenda kuliko baadhi ya watu ninaowashika mikono kanisani kila Sabato huku wakinihesabia makosa.

Kiharusi kilimpata asubuhi akichanganya rangi. Nilisikia mkebe ukianguka, nikachungulia, nikamwona ameketi chini ameshika kichwa, anasema maneno yasiyofuatana. Nilipiga nduru iliyosimamisha soko. Ogari, mwenye bucha ng'ambo ya barabara, akaja mbio na aproni yake, akambeba mgongoni kama mbuzi. Huko hospitalini wauguzi walipoona ile damu kwenye aproni walimwacha mzee kwenye benchi wakamvamia Ogari kutafuta jeraha. Ogari hupenda kusimulia kwamba alikaribia kushonwa.

Mzee akatibiwa, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Alizungumza vizuri. Alikumbuka madeni ya watu na majina ya ng'ombe waliokufa zamani. Kila aliyekuja kumwona alisema Mungu ni mwema, ameponea chupuchupu, hata hana alama. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini nina jicho la mwanamke wa hoteli, jicho linaloona anayetaka kutoka bila kulipa, na nikaanza kuona vitu. Mlango akiupita, bega la kulia linagonga fremu. Kikombe nikikiweka upande wa kulia hakioni mpaka akigonge kwa kiwiko. Siku moja nilimsikia akimwambia mteja, "Nitakupaka hii rangi... hii... ya majani chai yakishanyeshewa." Mkononi alikuwa na kijani, na kijani kilikuwa sawa kabisa. Jina lake ndilo lililomkataa. Nikajiambia ni uzee. Uzee tunausingizia mengi.

Sasa nije kwenye kile kisa kilichotuletea sifa mpaka Nakuru.

Ogari alitaka kibao kipya cha bucha. Nesi Jacinta, mwenye zahanati iliyo mwisho wa safu yetu, naye akataka chake. Mzee akakata mbao mbili za kipimo kimoja, akazipaka nyeupe, akaandika kwa nyekundu, kwa mkono ule ule mzuri wa siku zote. Ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa linateremka. Sisi Wasabato jua likizama Ijumaa hakuna nyundo inayoinuliwa, kwa hiyo alipanda ngazi haraka haraka, akapigilia kimoja hapa na kingine kule, akarudi nyumbani kuoga na kufungua Sabato kwa wimbo.

Asubuhi tukiwa tunapita kwenda kanisani, nikainua macho. Juu ya zahanati ya Nesi Jacinta, mahali wanawake wa Keumbu wanapojifungulia, paliandikwa: NYAMA YA LEO LEO. TUNACHINJA ALFAJIRI. KICHWA NA MIGUU PIA VIPO. Nikageuka polepole, nikatazama bucha ya Ogari. Hapo paliandikwa: WAGONJWA WOTE WANAPOKELEWA. NJOO ULALE, TUTAKUANGALIA.

Ningecheka hapo hapo, lakini Nesi Jacinta alikuwa mlangoni amejishika kiuno. Alisema kibao hicho lazima kitoke sasa hivi. Ogari akasema kutoa misumari ni kazi, na leo ni Sabato. Nesi akasema Bwana mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani atolewe siku ya Sabato. Ogari akasema yeye ndiye anayewajua ng'ombe katika soko hili, na hicho si ng'ombe. Wakabishana mpaka kengele ikalia. Mwishowe Nesi akakitupia leso kibao chake, upepo ukaifunua, akaitupia tena, ikafunuka tena. Jirani zetu Wakatoliki, ambao Jumamosi yao ni ya soko, walijaa barabarani na simu zao. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imemfikia Duke, naye akanipigia akiwa amekata pumzi kwa kicheko. "Phanice, mzee anafanya kazi kwa nani siku hizi, kwa Ogari ama kwa makaburi?"

Katika watu wote wa Keumbu, mmoja tu hakucheka. Nilimwona mzee baada ya ibada amesimama chini ya kibao cha bucha, kofia mkononi, anakitazama kama mtu anayetazama jirani aliyekataa kumsalimu. Alisimama pale muda mrefu. Kicheko changu kikafa.

Jua lilipozama vibao vikabadilishwa. Nikampelekea mzee chai, nikaiweka mezani upande wa kushoto, nikarudi nyuma. Akasema bila kunitazama:

"Mama Kemunto, wewe ukiangalia kile kibao, unaona maneno?"

"Naona, Tata," nikamjibu, yaani baba.

"Mimi naona rangi." Akasogeza kikombe. "Tangu hospitali. Mkono unaandika wenyewe, sina shida. Nikishuka ngazi nikitazama nilichoandika, sijui ni nini. Hata jina langu. Biblia nimeifungua, ni kama kuku amepita na matope."

"Na hukusema?"

"Nitamwambia nani? Mchora vibao asiyesoma ni kitu gani? Ni sawa na mchungaji asiyemjua Mungu." Kisha akasema lile lililonitoa usingizi: kwamba kama hali ni hii, brashi zake atazitia motoni, na rangi atamgawia mtu, na atakaa nyumbani kungoja siku yake. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kuuza kondoo.

Niliogopa. Mwanamume wa kwetu akishaondolewa kazini na mwili wake, hukaa kwenye kiti, na kile kiti humla. Nimewaona wengi Marani. Sikutaka kumwona huyu.

Nikamrudisha hospitali iliyomtibu. Huko kuna binti mmoja, Bosibori, ambaye kazi yake ni kuwafundisha upya waliopata kiharusi, wengine kusema, wengine kumeza, wengine kusoma. Ana miaka michache kuliko mimi na maneno mengi kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Alimpa mzee kalamu, akamwambia aandike, "Leo nimekuja hospitali." Mzee akaandika bila shida, kwa herufi nzuri zenye tumbo. Bosibori akaikunja karatasi, akamsimulisha habari za ndizi, akaikunjua tena. "Sasa nisomee, mzee wangu." Mzee akaikodolea macho mpaka jasho likamtoka. Hakuweza hata neno moja. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikageuza uso wangu ukutani.

"Haya, msiogope," Bosibori akasema. "Hii kitu inajulikana. Mzee, daraja la mto likibebwa na maji, Kisii iko?"

"Iko."

"Na Keumbu iko?"

"Iko."

"Lakini gari halipiti."

"Halipiti," mzee akakubali.

"Basi hiyo ndiyo shida yako. Macho yako ni mazima, ukiacha kipande cha upande wa kulia. Mahali ubongo unaweka maneno pia ni pazima, ndiyo maana unaongea na unaandika. Kiharusi kimekata nyuzi za katikati, zile zinazobeba kile macho yameona kupeleka kule maneno yanakokaa. Herufi inaingia machoni, inafika mtoni, inakosa daraja. Hata majina ya rangi yalikuwa yanapita hapo hapo. Lakini kuandika kunatoka upande ule wa maneno kwenda mkononi, na barabara hiyo haikuguswa."

Mzee akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. "Na hakuna njia ya panya?"

Bosibori akapiga makofi. Akamwambia afumbe macho, akaushika mkono wake, akachora herufi kwenye kiganja kwa ncha ya kidole. "K," mzee akasema mara moja. Akachora nyingine. "M." Nyingine. "Hiyo ni S, na umeiandika vibaya, S lazima iwe na shingo." Bosibori akacheka mpaka akaketi. Alitueleza kwamba ngozi na misuli ya kidole vina barabara yao ya kufika kwenye maneno, mbali na lile daraja. Ndiyo njia ya panya. Kazi iliyobaki ni kuipitia kila siku mpaka nyasi zilale. Mtu wa nyumbani amwandikie kiganjani asubuhi na jioni, kisha yeye mwenyewe ajifunze kuifuata kwa kidole kila herufi anayoiona.

"Binti yako huyu atakusaidia," akasema, akinionyesha.

Mimi na mzee tukatazama sakafu kwa wakati mmoja. Bosibori ni Mgusii, hakuhitaji kuelezwa. "Alaa," akasema. "Ni mokamwana, mke wa mwana."

Tukarudi nyumbani. Duke nilipompigia akaniambia nimshike tu mkono, hayo ni mambo ya kitambo. Nikamwambia aje amshike yeye, maana mkono wa babake hauko Nakuru. Ni rahisi kuidharau chinsoni ukiwa mbali na boma. Isitoshe, mimi hata ningethubutu, mzee mwenyewe alikuwa ameshaficha mikono mifukoni.

Ogari akajitolea. Akaja na vile vidole vyake vinene, akaandika neno zima kwa mkupuo mmoja, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. "Wewe, unaniandikia ama unanichuna?" mzee akamuuliza. Walijaribu tena na tena. Mzee alicheka sana lakini hakusoma kitu, na Ogari ana bucha ya kuendesha. Jioni mzee aliketi tu kizingitini akiangalia mikono yake. Brashi zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba ndani ya mkebe, pembeni mwa kuni.

Hizo brashi kuwa karibu na kuni ndizo zilizonipandisha hasira, na mimi hasira zangu hazikai mbali. Nilikuwa nimeanika wimbi la uji uani kwenye turubai. Nilikuwa nimelitandaza vizuri, limelala jembamba, na Kemunto alikuwa amepita juu yake kwa magoti akaacha mtaro. Nikautazama ule mtaro. Nikachukua kijiti, nikachora herufi kubwa ndani ya wimbi, nikabonyeza mpaka turubai likaonekana. Nikarudi nyuma hadi jikoni, nikapaza sauti:

"Tata, njoo uangalie kama wimbi limekauka."

Akaja. Akainama. Akaona mchoro, akanitazama kule mbali nilikosimama, akaelewa. Akafumba macho, akatia kidole mwanzoni mwa mtaro, akaufuata taratibu, punje zikimpisha kando.

"B," akasema.

"Limekauka?"

"B!" akapaza sauti, akawashtua kuku.

Ndivyo tulivyofanya. Asubuhi nikitandaza wimbi naandika, naondoka, anakuja, anasoma kwa kidole. Hatukugusana hata kucha, na chinsoni yetu ikabaki nzima. Tulianza kwa herufi, tukaenda kwenye maneno. Adui zetu walikuwa wawili, kuku na Kemunto. Kuna siku niliandika "majirani" nikaenda kugeuza chapati, niliporudi mzee ananiuliza kwa nini nimemwandikia "maji." Jogoo alikuwa amekula mwisho wote. Mzee alikula nyama yake Jumapili hiyo, na alisema haijawahi kuwa tamu hivyo.

Mwanzoni alikasirika sana. Neno ambalo mtoto wa darasa la pili angelimaliza kwa kupepesa jicho lilimchukua muda wa kuchemsha sufuria ya chai. Alirusha kijiti. Aliwahi kunifukuza uani, kwa heshima, akisema, "Mama Kemunto, kuna moshi huko jikoni," na moshi haukuwapo. Lakini kesho yake alikuwa pale kabla hata sijatandaza. Baadaye akaanza kuziiga mwenyewe herufi alizoziona: anatazama karatasi ya sukari, anaandika umbo lile ndani ya wimbi, na kidole kinamwambia jina lake. Macho yanakipa kidole, kidole kinayapa maneno. Ilikuwa njia ndefu, yenye kona, lakini alifika.

Hapo ndipo Obadiah alipokuja kutoka Sironga.

Obadiah ni mzee wa kanisa kule, mtu mrefu, mwangalifu, anayekunja kitambaa chake cha mkono mara nne hata akiwa na mafua. Kanisa la Sironga ndiko alikobatizwa mama mkwe wangu, na ndiko yeye na mzee walikofungia ndoa. Walikuwa wamemaliza jengo jipya la mawe, na kabla ya kiharusi walikuwa wamemwahidi mzee kwamba atakayeandika jina la kanisa na aya juu ya mlango ni yeye. Hiyo kazi aliitaka kuliko zote alizowahi kuzifanya. Aliniambia mimi kupitia Duke, Duke kupitia simu, kwamba angependa mkono wake ukae mahali mkewe alipoimbia.

Lakini picha ya zahanati ilikuwa imepanda mpaka Sironga.

"Ndugu Nyangate," Obadiah akasema, akiwa amekaa hotelini kwangu na chai mbele yake, "sisi hatuna shida na mwandiko wako. Lakini neno la Mungu likikaa juu ya mlango, anayeliandika lazima alijue. Wewe ukikosea, hata wewe mwenyewe hutajua. Kuna mashine Kisii mjini, wanachapisha hiyo kitu kwa plastiki siku moja."

"Plastiki," mzee akasema.

"Inang'aa."

Nilitaka kumwongezea Obadiah chai moto kwenye suruali. Mzee akawa mtulivu. "Nijaribuni," akasema. "Niandikieni kitu nisichokijua, mahali popote. Nikishindwa kukisoma, leteni plastiki yenu, na brashi zangu nitawapa mzikalie."

Wakakubaliana siku. Usiku huo, mzee aliniachia maneno nje ya mlango wa jikoni: tuongeze mazoezi. Tukaongeza mpaka wimbi likakauka kuliko inavyotakiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Tukaenda Sironga, mzee, mimi na Kemunto mgongoni. Kamati ilikuwa imekaa kwenye chumba cha watoto, na akina mama wa jikoni, wanaopikia wageni siku za mkutano, walikuwa wamejipanga nyuma na aproni zao. Obadiah akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa siri, akiuficha ubao kwa mgongo wake mrefu. Alipotoka mbele, niliyaona maneno, nikauma leso ili nisiseme kitu.

Mzee akautazama ubao. Akapeleka kidole pajani, akaanza kuandika juu ya suruali. Ilikuwa suruali ya Sabato, ya kitambaa laini, na kidole kiliteleza tu. Akajaribu ukutani, ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta. Akajaribu mara nyingine pajani.  Nilimwona akiinua mkono kujifuta paji la uso. Obadiah akakunjua kitambaa chake akakikunja upya. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi Kemunto akaamka mgongoni.

"Mama Kemunto," mzee akasema bila kugeuka. "Wimbi limekauka?"

Nilikimbia jikoni kwa akina mama, nikakamata sinia, nikamwaga unga wa wimbi nikautandaza kwa kiganja, nikarudi nao, nikauweka kwenye benchi mbele yake. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Watu wazima wote mle chumbani wakaona jinsi nilivyorudi nyuma, wakaelewa tulivyojifunza bila kuvunja chinsoni, jambo ambalo Obadiah hakuliuliza.

Mzee akatazama ubao, akachora. Akatazama, akachora. Kila herufi alipoimaliza aliufuta unga na kuanza nyingine, na midomo yake ilikuwa ikiyaunganisha.

"A-ki... Akina. Akina ma... mama."

Akina mama wakanyoosha shingo.

"Akina mama wa... ji-ko... jikoni. Wa-pu-ngu... wapunguze..." Akasita. Akaandika tena ile ya mwisho, polepole. Kisha uso wake ukafunguka, na alisoma yote mfululizo kwa sauti ya mhubiri: "Akina mama wa jikoni wapunguze chumvi!"

 Kule nyuma kukalipuka. "Obadiah! Chumvi gani?" "Sahani zako unazorudia mara ngapi?" "Kwa nini hukusema tukiwa jikoni?" Obadiah akainua mikono akieleza kwamba ulikuwa mfano tu, alitafuta sentensi ambayo mtu hawezi kuikisia, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alimwahidi kwamba mkutano ujao atakula bila chumvi na bila ugali. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono imejaa unga, anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi pia nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Kazi akapewa. Aliifanya akiwa na sinia la unga juu ya jukwaa la mbao, akiandika mstari, akisogea nyuma, akiusoma kwa kidole kwenye unga, akiendelea. Rangi aliyoitumia ni ile isiyo na jina kwake, ile ya majani chai yakishanyeshewa. Ukipita Sironga utaiona. Chumvi haikutajwa tena.

Asubuhi moja baada ya hapo nilifika hotelini nikakuta kuna kibao juu ya mlango wangu. Hakikuwa cha rangi tu. Alikuwa amezichimba herufi kwa patasi, zikaingia ndani ya ubao kwa kina cha ukucha, na ndani ya mitaro akapaka nyekundu. Pale chini ya ubao aliacha ngazi yake imeegemea ukuta, na mwenyewe alikuwa kibandani mwake, amenipa mgongo, anajifanya anatafuta brashi.

Kilisema: KWA PHANICE. CHAI NA CHAPATI.

Tangu niolewe hajawahi kulitamka jina langu. Nimekuwa mke wa Duke, kisha Mama Kemunto, na hivyo ndivyo inavyofaa. Hata siku ile hakulitamka.

Nilipanda ngazi, Kemunto akiwa chini ameshika mguu wa ngazi. Nikatia kidole mwanzoni mwa herufi ya kwanza ya jina langu, pale kidole chake kilipopita kikikagua, nikaifuata taratibu mpaka mwisho. Ubao ulikuwa bado na vumbi la patasi. Nikafuata nyingine, na nyingine, mpaka jina likaisha, nikajua baba mkwe wangu amenishika mkono.

"Kimekauka?" akauliza kutoka kibandani.

"Kimekauka, Tata," nikamjibu.